Nyumbani Mwetu: Kanape Kubwa na Mlango wa Nyuma



Kisha mkutano wa juma lililopita, mama mmoja alitushika mkono pale mlangoni akatuuliza: "Mwalimu, zamu yangu ya likelemba imefika. Fundi amekwisha kuanza kanape yangu, ile kubwa ya kona. Sasa niambie, niiweke namna gani ili saloni ipendeze?" Waliosikia wakaanza kutoa mashauri hapo hapo. Huyu anasema kanape iangalie mlango, yule anasema iangalie televizyo. Sisi tulinyamaza. Tulimwambia tu angojee gazeti la juma hili, kwa sababu jibu letu ni refu, na ndani yake kuna aibu yetu kidogo.

Sisi pia tulinunua kanape ya kona. Tungali nayo, lakini haikai tena vile ilivyokaa siku ya kwanza.

Kwetu Bukavu, mtu akisema "fulani amenunua saloni", hasemi juu ya chumba, anasema juu ya viti. Saloni ndiyo uso wa nyumba. Mgeni haoni sufuria zetu wala mashuka yetu, anaona pale alipoketi. Miaka mingi, wazazi wa wanafunzi walipokuja kutuona, tuliwapa viti vya plastiki, na kimoja mguu wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Siku moja mzazi mmoja, baba mwenye heshima zake, alikikalia, miguu ikatanuka, akafika chini. Alicheka, nasi tukacheka, lakini usiku huo hatukupata usingizi. Tuliapa kwamba likelemba inayofuata ni ya saloni.

Tulikuwa wamama 12, kila mmoja dola 20 kwa mwezi. Zamu yetu ilipofika tulishika dola 240, baba watoto akaongeza 60, fundi akaanza kazi. Upande mmoja wa kanape ulikuwa na metre 2 na sentimetre 60, upande wa pili metre 1 na sentimetre 80. Tulichagua kitambaa cha rangi ya kahawia ili uchafu usionekane. Tulichagua sponji nene. Kila kitu tulikipima isipokuwa nyumba yetu.

Wanaojua vilima vya Kadutu wanajua kazi ya kupandisha mzigo kule juu. Vijana wanne waliibeba katika vipande viwili kupitia vichochoro, majirani wakatoka milangoni kuangalia. Ilipofika kwetu ilikataa kuingia. Baba watoto alitoa mlango mzima kwenye bawaba zake, tukaiinamisha, tukaisukuma, rangi ya ukuta ikabanduka. Ikaingia. Tulipiga vigelegele.

Sasa, iwekwe wapi? Saloni yetu ina metre 4 kwa metre 3 na sentimetre 20. Ina mlango wa mbele unaoangalia avenyu, milango miwili ya vyumba vya kulala upande mmoja, dirisha upande mwingine, na nyuma, katikati ya ukuta, mlango unaotoka kwenda jikoni na chooni. Kanape ya kona inataka kona, na kona iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, ile ya nyuma. Tukaisukuma pale. Mkono wake mfupi ukaziba mlango wa nyuma. Tulisema: si neno, tutapita mbele na kuzunguka nyumba. Meza ya watoto iliyokuwa chini ya dirisha tuliitoa nje, tukaweka kabati ya televizyo mahali pake. Tukatandika vitambaa vyetu vya kroshe juu ya mikono ya kanape. Jioni ile wageni walikuja tu kuangalia, na kila mmoja alisema: "Mwalimu, sasa una nyumba."

Juma la kwanza tulikuwa na furaha. Juma la pili nyumba ilianza kutusemesha, lakini hatukutaka kusikia.

Kwanza ilikuwa maji. Zamani bido ziliingia kwa mlango wa nyuma, hatua tatu mpaka jikoni. Sasa watoto walizunguka nyumba nzima kando ya mtaro, na mvua ikinyesha walianguka. Mfuko wa makala ulipita katikati ya saloni, ukaacha unga mweusi mbele ya kanape mpya. Tuliwagombeza watoto. Hatukuigombeza kanape.

Pili ilikuwa Koko, mama ya baba watoto, ambaye tunaishi naye. Miguu yake haina tena nguvu. Fundi alikuwa ametengeneza kanape ya chini, kama wanavyopenda vijana, na sponji ilimmeza. Akishaketi hakuweza kuinuka mpaka ashikwe mikono miwili. Siku moja tulirudi kutoka masomo saa nane, tukamkuta ameketi pale tangu asubuhi. Hakutaka kumsumbua mtu. Alisema tu, "Mlikuwa hamjarudi." Toka siku hiyo alianza kukaa chumbani juu ya kitanda chake, nasi tulidhani amechoka.

Tatu ilikuwa kifungua mimba wetu. Alikuwa mwaka wa sita, anajitayarisha kwa mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi. Alipokosa meza, aliandika juu ya magoti, kwenye kona isiyo na mwanga, nyuma ya mlango. Mwalimu mwenzetu anayemfundisha alituletea daftari lake, akasema kwa upole: "Maandiko ya mtoto wako yameharibika. Anaumwa macho?" Sisi tunaowaambia wazazi kila mwaka, "Mpeni mtoto mahali pa kusomea," tulipokea daftari lile bila neno.

Hata hivyo hatukugusa kanape. Tuliwaza juu ya dola 300.

Halafu usiku mmoja, kama saa saba, tulisikia watu wanapiga kelele: "Moto! Moto!" Ulikuwa avenyu ya chini yetu. Wote mnajua nyumba zetu za mbao jinsi zinavyobanana, bati la huyu juu ya bati la yule, na jinsi moto unavyopanda mlima haraka kuliko mtu. Umeme ulikuwa umekatika. Moshi ulikuwa unakuja upande wa mbele. Mtu yeyote mwenye akili angetoka kwa mlango wa nyuma, akapanda njia ya juu. Lakini nyuma kulikuwa kanape.

Tuliivuta. Vipande viwili vilikuwa vimeshikana kwa ndoano za chuma, na gizani hatukuziona. Mguu mmoja ulikuwa umeingia katika ufa wa sima. Baba watoto alivuta, sisi tukasukuma, kanape ikasogea upana wa mkono tu. Upande wa mbele, mtoto wa dada yetu, anayelala saloni, alikuwa ameweka godoro lake mbele ya mlango, kwa sababu hapakubaki mahali pengine. Kwa hiyo mlango mmoja ulizibwa na kanape, na mwingine ulizibwa na kitanda. Tuliinua godoro, tukatoka na watoto ndani ya moshi, vitambaa vimefunika pua, Koko mgongoni mwa mwanawe. Ile kanape ilikula dakika nyingi ambazo hatukuwa nazo.

Mungu alitusaidia. Majirani walimwaga maji na mchanga, wakabomoa kibanda kimoja katikati, moto ukasimama kabla ya kufika kwetu. Wenzetu wawili kule chini walipoteza nyumba zao, na muungano wetu uliwachangia, mnakumbuka. Kwetu hakukuungua hata pazia.

Asubuhi tulikuta Koko amesimama mbele ya kanape, anaitazama. Akatuambia: "Binti yangu, marehemu alipojenga nyumba hii watu walimcheka, wanasema nyumba ndogo hivi milango miwili ya nini? Akawajibu, hata panya hachimbi shimo la mlango mmoja." Kisha akaenda kuota jua. Hakusema neno lingine, na halikuhitajika.

Siku ya posho tulichukua chaki na rula ya metre 1, ile ya darasani. Hapo tulikumbuka somo tulilofundishwa ISP. Mwalimu wetu wa pedagojia alituambia kwamba darasa hupangwa kabla ya somo: usianze na madawati, anza na mlango, mwanga, na njia ya mwalimu kumfikia mtoto wa mwisho. Miaka mingi tumepanga hivyo darasa la watoto 60. Nyumbani tulikuwa tumeanza na dawati.

Wamama, haya ndiyo tuliyoyafanya, na ndilo jibu la yule mama aliyetuuliza.

Tuliondoa kila kitu kilichoweza kuondoka. Tukachora chini kwa chaki njia za watu: kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, kutoka kila chumba mpaka nje. Mtu mwenye bido mkononi au mtoto mgongoni anataka njia ya sentimetre 80 au 90. Mistari hiyo ndiyo avenyu za nyumba, na katikati ya avenyu hakuna anayejenga. Mahali palipobaki kati ya mistari, hapo tu ndipo viti vinaweza kukaa.

Kisha tulitandika vikwembe chini mahali pa kanape. Kikwembe ni metre nzuri ya wamama: kipande cha yadi 2 kina karibu metre 1 na sentimetre 80, na kila nyumba inacho. Kikunje mpaka kilingane na ukubwa wa kiti unachotaka kununua, kitandike mahali pake, halafu ishi nacho siku mbili. Watoto wakikikanyaga kila saa, ujue kiti hicho kitakuwa njiani. Kikwembe hakina gharama ya kukisogeza. Fanya hivyo kabla fundi hajakata mbao, na upime pia mlango wako. Mwambie fundi miguu iwe ya kufungua, na vipande vishikane kwa ndoano zilizo mbele, pale mkono unapofika hata gizani.

Vikwembe vilituonyesha ukweli: mkono mrefu ungeweza kubaki kwenye ukuta wake. Mkono mfupi haukuwa na mahali katika nyumba ile.

Hapo tuligombana. Baba watoto alisema, "Mama watoto, tumelipa kanape ya kona. Tukiikata, wageni watasema nini? Watasema tumeshindwa." Tulimjibu, "Baba watoto, usiku ule wageni walikuwa wapi?" Alitoka bila kujibu, akakaa nje muda mrefu. Aliporudi alikuwa na fundi.

Fundi alifungua ule mkono mfupi. Mbao zake na sponji yake zilitoa fotei moja na stuli mbili. Fotei tulimwomba aipime kwa Koko mwenyewe. Alimketisha juu ya ubao, akauinua kidogo kidogo mpaka nyayo zikakaa chini sawasawa na magoti yakapinda vizuri, ikawa kama sentimetre 45 kutoka chini. Akaongeza mikono miwili imara ya mbao, ya kushikia wakati wa kuinuka, na akaweka sponji ngumu. Wenye wazee nyumbani, msisahau kipimo hiki. Kiti cha chini na laini ni kizuri kwa kijana, lakini kwa mzee ni mtego.

Ile kanape iliyobaki hatukuibananisha na ukuta. Tuliacha nafasi ya upana wa kiganja. Bukavu mvua inatunyeshea toka mwezi wa tisa mpaka wa tano, kuta zinatoa unyevu, na kitambaa kinachogusa ukuta huota ukungu, na panya hujificha hapo. Kati ya kanape na meza ndogo tuliacha sentimetre 40, ili mgeni afikie kikombe chake na mwingine apite bila kukanyaga miguu yake. Kabati ya televizyo ilienda kati ya milango miwili ya vyumba. Meza ya watoto ilirudi chini ya dirisha, nasi tuliigeuza kidogo ili mwanga uingie kwa mkono wa kushoto wa mtoto, kama darasani, kivuli cha mkono wake kisifunike anachoandika. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, geuza upande.

Mtoto wa dada yetu naye alipewa mahali pa godoro, nasi tulichora alama kwa chaki. Saloni nyingi za kwetu hugeuka chumba cha kulala usiku, lakini watu wanapanga viti kana kwamba usiku haupo. Tandikeni godoro kwanza, kisha muangalie kama milango yote miwili inafunguka.

Na juu ya moto, tuseme wazi. Sponji inashika moto haraka sana, na moshi wake unaangusha mtu kabla moto haujamfikia. Buji isiwekwe kamwe juu ya mkono wa kanape. Iweke ndani ya kopo, juu ya meza, mbali na pazia. Simu isichajiwe juu ya mto. Na mbabula yenye makala isiingizwe ndani usiku kwa sababu ya baridi, hata kama makala hayatoi moshi: gesi yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Mwisho ni kile tunachokiita kipimo cha wamama wawili. Kiti chochote cha saloni, wamama wawili waweze kukisogeza bila kumwita mwanaume. Siku ya sherehe au ya matanga, viti vinatoka nje. Siku ya kufagia, vinasogea. Na siku ya hatari huwezi kuchagua nani atakuwa nyumbani.

Leo saloni yetu haifanani tena na ile ya siku ya vigelegele. Fotei ya Koko iko karibu na mlango wa mbele. Anaona avenyu yote, anawasalimia wanaopita, anajua nani ametoka sokoni na bei ya unga imefika wapi. Anainuka peke yake, akisukuma mikono ya fotei, na akisha simama anatutazama kwanza kuona kama tumemwona. Kifungua mimba alipita mtihani wake. Hatusemi ni meza iliyompitisha, maana alifanya kazi. Lakini daftari lake la mwezi wa tano lilikuwa linasomeka.

Wageni? Wa kwanza aliyekuja aliuliza, "Mwalimu, ule mkono mwingine wa kanape ulienda wapi?" Tulimwonyesha Koko, aliyekuwa ameketi juu yake.

Kwa hiyo, mama yangu uliyetuuliza, hatukukatazi kanape kubwa. Umeitolea jasho, na mtu anayetoka kazini anastahili mahali laini pa kuketi. Lakini leo, kabla ya kurudi kwa fundi, chukua kikwembe, chukua chaki, ingia saloni yako ikiwa tupu. Waite wote wanaoishi humo, mpaka mtoto wa mwisho, uwaambie wapite kama wanavyopita kila siku. Angalia miguu yao. Mahali wanapopita, usiweke kitu. Na mlango wa nyuma ujaribu kuufungua usiku, bila toroshi, kwa mkono mmoja.

Ukimaliza, tuite tuje kunywa chai. Tutaleta rula yetu.

Tuonane juma lijalo.